Makanisa ya Sisilia na Mikono Iliyoyajenga

Sisilia ni kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Bahari ya Mediterania. Upande wa kaskazini mashariki kimetengwa na Italia kwa mlango mwembamba wa bahari. Upande wa kusini magharibi kinaielekea pwani ya Tunisia, ambayo si mbali kwa chombo cha tanga. Mahali kilipo ndipo asili ya utajiri wake na ya misiba yake. Wafoinike, Wagiriki, Warumi, Wabizanti, Waarabu na Wanormani walikitamani kwa zamu, na kila aliyekuja alijenga juu ya kazi ya aliyemtangulia. Habari hizo zimeandikwa katika vitabu, lakini zimeandikwa pia katika kuta za makanisa ya kisiwa hicho, na maandishi ya kuta yana mambo ambayo vitabu vya wafalme aghalabu viliyapita kimya.

Mfano ulio wazi upo Sirakusa, mji ambao Mtume Paulo alikaa siku tatu alipokuwa akipelekwa Rumi. Kanisa kuu la mji huo lilikuwa hekalu la Athena, lililojengwa na Wagiriki katika karne ya 5 kabla ya Kristo. Wakristo hawakulibomoa. Walijenga ukuta baina ya nguzo za nje, wakatoboa matao katika kuta za ndani, hekalu likawa kanisa. Waarabu walipouteka mji mwaka 878 likawa msikiti. Wanormani walipofika likarudi kuwa kanisa. Tetemeko la ardhi la mwaka 1693 liliuharibu uso wake, ukajengwa uso mwingine katika karne ya 18. Nguzo za Wagiriki zingali zimesimama ndani ya ukuta, nene na zenye mifereji, na waumini wa leo husali baina yake.

Palermo una habari nyingine, nayo ni nzito zaidi. Waarabu waliuteka mji huo mwaka 831 wakaufanya makao ya serikali yao. Ibn Hawqal, msafiri aliyeuzuru katika karne ya 10, alistaajabia wingi wa misikiti yake. Mwaka 1072 mji ukaangukia mikononi mwa Wanormani, wapiganaji waliotoka kaskazini ya Ufaransa. Washindi hao walikuwa wachache, na raia wao walikuwa Waislamu, Wakristo wa Kigiriki na Wayahudi. Hawakuweza kukusanya kodi bila ya makarani waliojua Kiarabu, wala kujenga bila ya mafundi waliowakuta. Kwa hiyo Roger wa Pili, aliyetawazwa kuwa mfalme siku ya Krismasi ya mwaka 1130, alitawala kwa lugha tatu: Kilatini, Kigiriki na Kiarabu. Diwani yake iliandika kwa Kiarabu, na yeye mwenyewe akajipa lakabu ya Al-Mu'tazz bi-llah, kwa mfano wa masultani.

Kanisa alilolijenga ndani ya jumba lake, liitwalo Cappella Palatina, liliwekwa wakfu mwaka 1140. Mpango wa ukumbi wake ni wa Kilatini. Katika kuba yuko Kristo, amezungukwa na malaika na maandishi ya Kigiriki, kwa kazi ya vijiwe vya rangi na dhahabu waliyoijua mafundi wa Bizanti. Juu ya ukumbi ipo dari ya mbao iliyochongwa vijumba vijumba mfano wa masega ya nyuki, nayo ni kazi ya mafundi wa Kiislamu. Humo wamechorwa wapiga zumari, wanywaji, wachezaji wa sataranji na ngamia, na kandokando yamo maneno ya Kiarabu ya kumwombea mwenye jumba baraka, afya na ushindi. Hapana sehemu iliyofichwa chini ya nyingine: mwenye kusimama katikati huziona zote tatu kwa kuinua macho mara moja.

Mwendo mfupi kutoka hapo lipo kanisa la Martorana, lililoasisiwa mwaka 1143 na George wa Antiokia, Mkristo wa Mashariki aliyewahi kuwatumikia watawala Waislamu wa Mahdia kabla hajawa amiri wa maamiri wa mfalme Roger. Katika kuba yake iko mbao yenye sala za Kikristo za ibada ya Kigiriki, nazo zimeandikwa kwa Kiarabu. Katika ukuta Roger amechorwa akivishwa taji na Kristo, amevaa mavazi ya kaisari wa Bizanti, na juu ya kichwa chake limeandikwa neno la Kilatini la mfalme kwa herufi za Kigiriki.

Jambo hilo halikuwa la wakuu peke yao. Katika jumba la Zisa limehifadhiwa jiwe la kaburi la mwanamke aitwaye Anna, aliyefariki mwaka 1148. Mwanawe, padri Grisandus, alimwandikia kwa Kilatini, kwa Kigiriki, kwa Kiarabu, na kwa Kiarabu kilichoandikwa kwa herufi za Kiebrania. Na kila andiko likahesabu mwaka kwa kalenda ya watu wake. Padri alijua kuwa watakaopita mbele ya kaburi la mama yake si wa dini moja.

Msomaji wa Kiswahili hatajiona mgeni kabisa mahali hapo. Jina la Zisa ni Al-Aziza la Kiarabu, ndugu wa neno azizi. Mtaa wa Kalsa ulikuwa Al-Khalisa, wenye shina moja na halisi. Barabara ya Cassaro imetokana na neno lililotupa kasri. Na mlima Etna huitwa pia Mongibello, neno ambalo nusu yake ni jabali. Tena ni katika mji huo kwamba Al-Idrisi alimtungia Roger kitabu cha jiografia, kilichokamilika mwaka 1154. Katika habari zake za nchi ya Zanji yamo majina ambayo wanachuoni wengi huyasoma kuwa Malindi na Mombasa, pamoja na habari za chuma cha huko. Basi pwani ya Afrika Mashariki iliingia katika maktaba ya mfalme Mkristo kwa kalamu ya mwanachuoni Mwislamu.

Kwa ajili ya mambo hayo Sisilia ya Wanormani imesifiwa kuwa nchi ya mapatano, na sifa hiyo haikosi ukweli. Lakini hukumu ya haki huuliza pia nani aliyelipa. Kanisa la Monreale, lililoanzwa na William wa Pili katika miaka ya 1170, lina picha za dhahabu zinazofunika zaidi ya mita za mraba 6,000, na ua wake una nguzo 228. Mfalme aliliandikia mashamba makubwa ya magharibi ya kisiwa pamoja na wakulima wake, ambao wengi walikuwa Waislamu. Majina yao yamo katika orodha ya mwaka 1178, kwa Kiarabu na Kigiriki. Orodha ya namna hiyo iliitwa jarida. Neno ambalo kwa Waswahili ni chombo cha elimu, kwa wakulima wale lilikuwa kifungo: aliyeandikwa humo hakuwa na ruhusa ya kuihama ardhi.

Ibn Jubayr wa Andalusi, aliyefika Palermo mwishoni mwa mwaka 1184, aliziona pande zote mbili. Alilisifu kanisa la George kuwa kazi ya ajabu, akawaona wanawake Wakristo wakienda kusali siku ya Krismasi wamevaa na kujifunika kama wanawake wa Kiislamu. Lakini alisikia pia kwamba watumishi wa jumba la mfalme walisali kwa siri. Mtindo wa mavazi ulikuwa huru. Imani haikuwa huru.

Hofu hiyo ilikuwa na sababu. Mwaka 1161 Waislamu wa Palermo waliuawa katika ghasia. Alipokufa William mwaka 1189 waliuawa tena, na waliosalimika wengi wakakimbilia milimani. Kuanzia miaka ya 1220 Frederick wa Pili, mjukuu wa Roger, aliwahamisha kwa nguvu hata Lucera katika bara la Italia. Na mwaka 1300 mji huo nao ukavunjwa, watu wake wengi wakauzwa utumwani. Wayahudi wa kisiwa walifukuzwa kwa amri ya mfalme wa Uhispania ya mwaka 1492.

Mwaka 2015 majengo tisa ya Palermo, Cefalù na Monreale yaliingizwa katika Urithi wa Dunia, na sababu iliyotajwa ni kukutana kwa tamaduni. Ni heshima iliyostahiki. Hata hivyo wafalme waliwahitaji mafundi na makarani wa dini nyingine, wakawatumia vizuri, na haja ilipopungua, ulinzi nao ukapungua. Wapiga zumari wa dari ya Cappella Palatina wamebaki mahali pao karibu miaka 900. Watu wa lugha iliyoandikwa kando yao hawakuachwa kukaa hata miaka 150 tangu dari hiyo ilipochorwa. Anayeyazuru makanisa hayo ana haki ya kuushangilia uzuri wake, na ana deni la kuwakumbuka walioujenga.