Kibarua wa Ulingoni: Chuck Wepner na Wapinzani Wake, 1964–1978

Historia ya ndondi za uzito wa juu imeandikwa, kwa sehemu kubwa, kama orodha ya wafalme. Bingwa humrithi bingwa, na waliopigwa njiani hubaki majina tu kwenye rekodi za wengine. Insha hii inaisoma historia hiyo kutokea chini, kwa kuchunguza maisha ya kimchezo ya Charles Wepner, maarufu kama Chuck, wa mji wa Bayonne katika jimbo la New Jersey, Marekani, aliyepigana ndondi za kulipwa kuanzia mwaka 1964 hadi 1978. Wepner hukumbukwa kwa usiku mmoja alipomwangusha Muhammad Ali. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba usiku huo hauwezi kueleweka pasipo mfululizo wa wapinzani waliotangulia, na kwamba mfululizo huo ulikuwa utaratibu wa kazi wenye waajiri, ujira, na gharama iliyolipwa kwa ngozi ya mtu mmoja.

Wamarekani humwita bondia wa aina hii kwa jina lililotoka katika ufundi wa zamani wa Ulaya: fundi aliyekwisha kuhitimu lakini hana karakana yake, hivyo huuza kazi yake kwa kutwa. Neno la Kiswahili lililo karibu zaidi ni kibarua, ambalo nalo lilitokana na barua, yaani cheti kidogo alichopewa mfanyakazi wa kutwa. Mlinganisho huu una kasoro moja. Kibarua hudhaniwa kuwa mtu asiye na ujuzi, ilhali bondia wa daraja hili ni mjuzi wa kazi yake. Anajua kusimama raundi 10, kumbana mpinzani kwenye kamba, kupoteza muda anapochoka na kumfanya chipukizi aonekane mzuri bila yeye mwenyewe kuumia kupita kiasi. Hata hivyo, neno hili linafaa kwa sababu linaelekeza macho kwenye jambo la msingi: huyu ni mtu anayeitwa kazini pale tu mwingine anapomhitaji.

Wepner alizaliwa tarehe 26 Februari 1939. Alipitia jeshi la wanamaji wa nchi kavu wa Marekani kabla ya kuanza ndondi za kulipwa akiwa na umri wa miaka 25, umri ambao wengi wa mabingwa huwa wamekwisha kufahamika. Aliishi kwa kazi nyingine. Kwa muda alikuwa mlinzi, na baadaye muuzaji wa vileo aliyezunguka kwa wateja. Mazoezi yalifanyika kabla na baada ya saa za kazi: kukimbia alfajiri, kupiga mifuko jioni. Katika mapambano yake zaidi ya 50, alishindwa mara 14 na kutoka sare mara 2. Mengi ya yale aliyoshinda yalikuwa dhidi ya watu ambao majina yao hayakuvuka mipaka ya New Jersey na New York.

Majina yaliyovuka mipaka ndiyo yanayoonyesha jinsi alivyotumiwa. Katika miaka yake ya mwanzo alipigwa na Buster Mathis, bondia ambaye mwaka 1964 alimshinda Joe Frazier katika mchujo wa timu ya Olimpiki ya Marekani, kisha akaumia mkono na kumwacha Frazier aende Tokyo kutwaa dhahabu. Tarehe 18 Agosti 1969, katika ukumbi wa Madison Square Garden, alikutana na George Foreman, mshindi wa dhahabu ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968. Foreman alikuwa na miezi miwili tu katika ndondi za kulipwa, na Wepner alikuwa mpinzani wake wa nne. Mwamuzi alisimamisha pambano katika raundi ya 3 kwa sababu ya damu. Mwezi Septemba 1970 Wepner alivuka bahari hadi London kukutana na Joe Bugner, kijana wa miaka 20 aliyezaliwa Hungaria na kukulia Uingereza kama mkimbizi. Huko nako pambano lilisimamishwa katika raundi ya 3, na sababu ilikuwa ileile. Mwaka 1976 ikawa zamu ya Duane Bobick, mwana-Olimpiki wa mwaka 1972.

Mathis, Foreman, Bobick: watatu hawa walikuwa na mameneja waliohitaji mtu mrefu, mgumu, mwenye jina kidogo, asiye na pigo la kuharibu mtaji. Wepner alikuwa na urefu unaozidi futi sita na inchi nne, hakukimbia, na uso wake ulipasuka upesi. Sifa hizo tatu zilimfanya apate kazi daima. Kwa mtazamo wa promota, ushindi dhidi yake ulikuwa ushahidi unaoonekana hata kwa mtazamaji asiyejua ndondi: damu ilionekana hadi viti vya nyuma.

Suala la damu linahitaji kuangaliwa kwa makini, kwani ndilo lililompa Wepner jina la utani la Mvuja Damu wa Bayonne, na ndilo ambalo vitabu vya rekodi hulificha. Ngozi ya juu ya jicho hukaa juu ya mfupa, bila nyama ya kuikinga. Ikipasuka na kushonwa, huacha kovu, na kovu hilo hupasuka upesi zaidi kuliko ngozi iliyokuwapo. Damu ikiingia jichoni, bondia haoni ngumi inayotoka upande huo, na mwamuzi hulazimika kusimamisha pambano hata kama aliyepasuka bado ana nguvu. Rekodi huandika herufi tatu tu, TKO, herufi zilezile zinazotumika kwa mtu aliyepigwa hadi akashindwa kusimama. Hivyo mtafiti anayehesabu matokeo pekee atamhesabu Wepner kuwa mtu aliyepondwa mara kwa mara, kumbe mara nyingi alikuwa mtu aliyesimamishwa. Tofauti hiyo si ndogo. Aliyepondwa hupungukiwa na mialiko. Aliyesimamishwa kwa damu huitwa tena, kwa kuwa hakuna aliyethibitisha kwamba amekwisha.

Pambano linaloonyesha gharama hiyo kwa uwazi kuliko yote ni la tarehe 29 Juni 1970, Jersey City, dhidi ya Sonny Liston. Liston alikuwa bingwa wa dunia kuanzia mwaka 1962 hadi alipopokonywa taji na Ali mwaka 1964. Mwezi Desemba 1969 alikuwa ameangushwa vibaya na Leotis Martin, na sasa alihitaji ushindi ili aendelee kuitwa mtu wa maana. Baada ya raundi 9 uso wa Wepner ulikuwa umeharibika kiasi kwamba haikuwezekana kuendelea. Alishonwa nyuzi zaidi ya 50. Katika masimulizi ya ndondi inadaiwa kwamba Liston aliulizwa kama Wepner ndiye mtu jasiri kuliko wote aliowahi kuwaona, naye akajibu kuwa hapana, aliye jasiri zaidi ni meneja wake. Simulizi hilo husimuliwa kama kichekesho, na watu hucheka. Hata hivyo, ni vigumu kupata maelezo mafupi zaidi ya mahusiano ya kazi katika mchezo huu: ujasiri wa mmoja hutumia mwili wa mwingine. Liston, ambaye maisha yake yote ya ndondi yaliendeshwa na watu wengine, alikuwa na sababu ya kulijua hilo. Hilo lilikuwa pambano lake la mwisho. Maiti yake ilikutwa nyumbani kwake Las Vegas tarehe 5 Januari 1971.

Kwa hesabu ya kawaida, mtu aliyeshindwa na Foreman, Liston na Bugner ndani ya miezi 13 angepaswa kutoweka. Wepner hakutoweka, na hapa ndipo historia yake inapotofautiana na ya vibarua wengine wengi. Kati ya mwaka 1971 na 1974 alikutana mara tatu na Randy Neumann, mwenzake wa New Jersey ambaye baadaye alikuja kuwa mwamuzi wa ndondi. Neumann alishinda pambano la kwanza, Wepner akashinda mawili yaliyofuata. Ulikuwa ushindani wa nyumbani uliojaza viti, na viti vilivyojaa vilimpa Wepner kitu ambacho hakuwa nacho awali, yaani watazamaji wake mwenyewe.

Kisha, tarehe 23 Juni 1973, huko Atlantic City, alikutana na Ernie Terrell. Huyu alikuwa ametambuliwa kuwa bingwa na chama cha WBA kuanzia mwaka 1965 hadi Ali alipomshinda kwa raundi 15 mjini Houston mwaka 1967. Wepner alipewa ushindi wa pointi baada ya raundi 12. Mtoa alama alikuwa mmoja tu, mwamuzi Harold Valan, na uamuzi huo ulizua ubishi mkubwa. (Valan ndiye aliyempa Jimmy Ellis ushindi dhidi ya Floyd Patterson mjini Stockholm mwaka 1968, akiwa peke yake vilevile, na ubishi ulikuwa mkubwa zaidi.) Iwapo Terrell ndiye aliyestahili, basi nafasi ya Wepner katika orodha ya mabondia kumi bora ilisimama juu ya kalamu ya mtu mmoja. Terrell alipigana mara moja tu baadaye, akaangushwa na Jeff Merritt katika raundi ya kwanza, akastaafu. Bingwa wa zamani alishuka ngazi na kibarua akaipanda, na hakuna dalili kwamba kati ya wawili hao kuna aliyebadilika sana kiuwezo.

Tarehe 30 Oktoba 1974, mjini Kinshasa, Ali alimwangusha Foreman na kurudisha taji. Alihitaji pambano la kupumzikia, na promota Don King, mwenyeji wa Cleveland, alilipeleka Richfield, Ohio, karibu na kwao. Mpinzani alikuwa Wepner, mwenye miaka 36. Ali aliahidiwa dola milioni 1.5, Wepner dola 100,000. Uwiano wa mmoja kwa kumi na tano hauonekani kuwa wa haki, lakini fedha hizo zilikuwa nyingi kuliko zote alizowahi kulipwa, nazo zilimpa jambo lenye thamani kubwa zaidi kwa bondia: kwa mara ya kwanza aliacha kazi ya mchana na kufanya mazoezi kwa muda wote, kwa wiki kadhaa, kambini. Waandishi wengi wamestaajabia stamina yake usiku ule. Maelezo yake yamo katika ratiba yake ya kazi. Wapinzani wote waliotangulia walikuwa wamepigana na mtu aliyekuwa na ajira nyingine.

Pambano lilifanyika tarehe 24 Machi 1975. Katika raundi ya 9 Wepner alimpiga Ali chini ya kifua kwa mkono wa kulia, Ali akaanguka, na mwamuzi Tony Perez akahesabu. Ali alidai kwamba alikuwa amekanyagwa mguu. Wepner amekana daima. Ubishi huo umetumia wino mwingi kuliko unavyostahili. Kilicho muhimu zaidi kwa insha hii ni raundi sita zilizofuata, ambapo Ali alimpiga kwa hasira na usahihi, macho yote mawili yakapasuka, na hakuna aliyesimamisha. Mtu aliyesimamishwa katika raundi ya 3 mbele ya Foreman na Bugner, kwa majeraha ya aina hiyohiyo, aliachwa hadi zilipobaki sekunde 19 za raundi ya 15. Mizani ya majeraha haikuwa imebadilika. Kilichokuwa kimebadilika ni thamani ya pambano.

Ali alitetea taji mara tatu zaidi mwaka huohuo: dhidi ya Ron Lyle mwezi Mei, dhidi ya Bugner huko Kuala Lumpur mwezi Julai, na dhidi ya Frazier huko Manila tarehe 1 Oktoba. Wawili kati ya wapinzani wake wa mwaka 1975 walikuwa wamekwisha kukutana wenyewe kwa wenyewe miaka mitano kabla, jambo linaloonyesha jinsi duru hiyo ilivyokuwa finyu.

Sylvester Stallone aliliona pambano la Richfield, akaandika filamu ya Rocky, iliyotoka mwaka 1976 na kutwaa tuzo ya Oscar ya filamu bora. Wepner hakupata chochote katika mapato hayo; alifungua kesi mwaka 2003, ikamalizwa kwa makubaliano mwaka 2006. Kwa mwanahistoria, filamu hiyo imeleta hasara ya aina nyingine. Imehamisha kumbukumbu kutoka kwenye mfululizo wa kazi hadi kwenye muujiza wa usiku mmoja, ambamo bondia hana mwajiri wa siku iliyotangulia wala wa siku inayofuata.

Wepner alikuwa na wote wawili. Mwezi Juni 1976 aliingia ulingoni katika uwanja wa Shea, New York, dhidi ya mwanamieleka André the Giant, katika maonyesho yaliyorushwa pamoja na pambano la Ali na Antonio Inoki la Tokyo, akatupwa nje ya kamba. Mwezi Oktoba mwaka huohuo Bobick alimsimamisha katika raundi ya 6. Miezi saba baadaye Bobick mwenyewe aliangushwa na Ken Norton katika sekunde 58. Pambano la mwisho la Wepner lilikuwa tarehe 26 Septemba 1978, akiwa na miaka 39, kuwania ubingwa wa jimbo la New Jersey. Alishindwa kwa pointi, raundi 12, na kijana aitwaye Scott Frank. Miaka mitano baadaye, mwezi Septemba 1983, Frank alipewa nafasi ya kuwania taji la dunia dhidi ya Larry Holmes, akasimamishwa katika raundi ya 5.