Hivi Ivanhoe alimuachaje Rebecca?

Muulize mtu aliyeiangalia Ivanhoe, ile muvi ya televisheni ya 1982. Habari za steringi wala hana. Atakachouliza ni hiki: jamaa alimuachaje Rebecca? Binti kamtibu majeraha mpaka kapona, halafu harusi ikaenda kwa Rowena!

Kumbe lawama hizo ni za kale. Walter Scott alibanwa na wasomaji wake baada ya kitabu kutoka Desemba 1819, na mwaka 1830 akajibu kwamba ubaguzi wa zama zile usingeruhusu ndoa hiyo. Hapo hakutia chumvi. Rebecca ni Myahudi, hadithi ni ya miaka ya 1190, na Machi 1190 Wayahudi wapatao 150 waliangamia kwenye ngome ya York, mji wa baba yake. Mwaka 1290 wakafukuzwa wote Uingereza.

Muvi nayo ina lake. Rebecca kasingiziwa uchawi, na pambano ndilo litaamua kama atachomwa moto. Kitabuni adui, Brian, anaanguka na kufa kwa kuzidiwa na hisia zake mwenyewe. Ila Brian wa Sam Neill (huyohuyo aliyemteka binti!) anamtazama Rebecca, anashusha upanga makusudi, anauawa. Adui kafa kwa mapenzi, steringi kaoa kwingine.

Na Rebecca? Kitabuni anafunga mizigo na baba yake, safari ya Granada.