Pareto, ua la kuulia vidukari

Vidukari, ambao wakulima wengi huwaita wadudu mafuta, hufyonza utomvu wa majani machanga ya nyanya, sukuma wiki, bamia na kunde. Kidukari jike huzaa bila kupandwa na dume, tena huzaa watoto walio hai badala ya kutaga mayai. Penye joto mtoto hukomaa kwa muda wa wiki moja hivi, naye akaanza kuzaa. Ndiyo maana shina lililokuwa na wadudu wachache Jumatatu huonekana limefunikwa kabla mwezi haujaisha. Majani hujikunja, umajimaji mtamu wanaoutoa huwavuta sisimizi na kuotesha ukungu mweusi, na baya kuliko yote, wadudu hawa huhamisha magonjwa ya virusi kutoka mmea hadi mmea.

Kabla ya enzi ya viwanda vya kemikali, watunza bustani walipambana nao kwa majivu, maji ya sabuni, maji ya tumbaku na unga wa maua ya pareto. Pareto ndiyo iliyobadilisha maisha ya watu wa nyanda za juu za Afrika Mashariki.

Asili ya pareto yenye maua meupe ni Dalmatia, kwenye ufuko wa Bahari ya Adriatiki, nchi inayoitwa leo Kroatia. Katika karne ya 19 maua yake yalikaushwa, yakasagwa na kuuzwa Ulaya na Marekani, kwanza kwa ajili ya viroboto na kunguni, kisha kwa ajili ya bustani. Mbegu zilifika Japani katika miaka ya 1880, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Wajapani wakalishika soko. Mwaka 1924 Hermann Staudinger na Leopold Ružička walichapisha utafiti wao kuhusu kemikali zinazoua wadudu katika ua hilo, yaani pairethrini.

Pairethrini hukaa hasa katika vijimbegu vya katikati ya ua, wala si katika petali. Hushambulia neva. Kidukari akiguswa nayo hutetemeka, hupooza na kuanguka kwa dakika chache. Lakini dozi ikiwa ndogo, mdudu aliyeanguka huweza kuzinduka, na jua huivunja sumu hiyo upesi. Mwaka 1940 iligunduliwa kwamba mafuta ya ufuta huiongezea nguvu, na baadaye ikapatikana kemikali ya kiwandani yenye kazi hiyohiyo. Kuhusu jua, hapakuwa na tiba. Wafanyabiashara waliiona hali hiyo kuwa kasoro. Kwa mlaji wa nyanya ilikuwa heri, maana sumu haikudumu juu ya tunda.

Pareto iliingia Kenya mwaka 1928, ikapandwa na walowezi wa upande wa Nakuru. Ardhi ya huko ilikuwa kana kwamba iliumbwa kwa ajili yake: miinuko ya karibu mita 2,000 na zaidi, yenye usiku wa baridi, kwa kuwa mmea huu hautoi vitumba usipopata majuma kadhaa ya baridi. Dalmatia ilivuna kwa msimu mmoja, ilhali Molo na Kinangop ziliweza kuchuma kwa miezi mingi ya mwaka. Maua yalichumwa kwa mkono, moja moja, kazi iliyohitaji vibarua wengi na ambayo kwa sehemu kubwa iliwaangukia wanawake. Vita vya Pili vya Dunia vilipokata shehena za Japani mwaka 1941, majeshi ya Uingereza na Marekani yaliyokabiliwa na mbu na chawa yaliitegemea pareto ya Kenya. Nchini Tanganyika (leo Tanzania bara) zao hilo lilienea katika nyanda za juu za kusini na za kaskazini. Mpango wa kilimo wa serikali ya kikoloni, ulioitwa Mpango wa Swynnerton, wa mwaka 1954, uliwafungulia Waafrika wa Kenya mlango mpana wa kulima mazao ya biashara, pareto ikiwamo, na baada ya uhuru wa mwaka 1963 familia zilizopewa viwanja katika mashamba ya zamani ya walowezi zililipia karo za watoto kwa maua hayo. Kwa miongo kadhaa Kenya iliuza zaidi ya nusu ya pareto ya dunia.

Wakati huohuo silaha nyingine ilikuwa imeingia. Nguvu ya kemikali ya DDT dhidi ya wadudu iligunduliwa na Paul Müller mwaka 1939. Ilikuwa rahisi na ilidumu muda mrefu, lakini kwa vidukari ilileta hasara isiyotarajiwa: iliwaua mbawakawa wa madoadoa na nyigu wadogo wanaowala, hata katika bustani za matofaa vidukari wenye manyoya meupe wakazidi kuliko awali. Kisha Michael Elliott na wenzake wa kituo cha Rothamsted, Uingereza, waliitumia pairethrini kama kielelezo cha kutengenezea kemikali zisizoharibiwa na jua. Mwaka 1973 walitangaza pamethrini. Dawa za jamii hiyo zikauzwa kila mahali, na baadhi ya koo za vidukari zikajenga usugu dhidi yake.

Hapa ndipo historia hii inapouma. Maua yaliyochumwa Kinangop, Kenya, na Mufindi, Tanzania, yalipelekwa kiwandani, dondoo lake likasafirishwa ng'ambo, na mkulima yuleyule akanunua kemikali za kopo kupulizia sukuma wiki yake. Hakuna sababu ya kisayansi iliyolazimisha hivyo; bei na mpangilio wa soko ndivyo vilivyoamua. Malipo yalipochelewa nchini Kenya, wakulima waling'oa pareto wakapanda viazi, na Australia, kwa mashamba yake ya Tasmania yanayovunwa kwa mashine, ikachukua nafasi ya kwanza. Tanzania, yenye kiwanda chake Mafinga, iliendelea kulima. Sheria ya mwaka 2013 iliruhusu kampuni binafsi kuingia katika biashara hiyo Kenya.

Leo pareto inakubalika katika kilimo hai cha nchi nyingi. Hupuliziwa jioni, jua likiwa limepungua na nyuki wamerudi mzingani, huku dawa ikielekezwa chini ya majani, maana ndiko vidukari wanakojificha. Nayo pia huwaua mbawakawa wa madoadoa ikiwagusa, kwa hiyo hupuliziwa tu pale wadudu walipozidi nguvu ya maadui wao wa asili.