Karani wa Tanga na Mwalimu wa Orlando

Kila ifikapo tarehe 9 Desemba, sisi Watanzania wa Johannesburg hukusanyika, hupandisha bendera, hula pilau, na wazee huwaeleza watoto habari za Mwalimu Nyerere na mwaka 1961. Ni desturi njema. Safari hii tunawaletea vijana wetu habari nyingine ya historia, inayouhusu mji huu huu tunaoishi.

Wengi wetu hupita Braamfontein, kando ya Chuo Kikuu cha Witwatersrand, tukiwahi kazini. Wachache wanajua kwamba shirika la uchapaji la chuo hicho ndilo lililotoa baadhi ya vitabu vya Shaaban Robert. Mwaka 1935 shirika hilo lilianzisha mfululizo wa vitabu vya lugha za Kiafrika kwa kutoa mashairi ya Kizulu ya B. W. Vilakazi. Mwishoni mwa miaka ya 1940 likatoa Pambo la Lugha, na mwaka 1954 Kielezo cha Insha. Kwa hiyo Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuchapwa Johannesburg kabla ya wengi wetu kuzaliwa.

Mwandishi wake hakuwa profesa wala mtoto wa mfalme. Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Tanga. Mwaka 1926 aliajiriwa kuwa karani wa Forodha. Kitabu hicho cha insha kilipotoka, alikuwa karani katika ofisi ya upimaji ardhi ya Tanga. Mshahara wake ulitoka katika ukarani; vitabu vyake aliviandika pamoja na kazi hiyo.

Katika kitabu chake Maisha Yangu alieleza mambo ya kawaida kabisa: kazi, uhamisho, nyumba yake, na msiba wa kufiwa na mkewe Amina. Kwa binti yake Mwanjaa alitunga Utenzi wa Hati, na kwa mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili. Hakuwa na mali nyingi ya kuwarithisha, akawaachia maneno. Maneno hayo yamesomwa na watoto wa watu wengine miaka mingi baada yake.

Kalamu ya pili ilisafiri kutoka huku kwenda kwetu. Mwaka 1953 serikali ya makaburu ilipitisha sheria ya elimu iliyokusudia kumfundisha mtoto Mwafrika kiasi cha kumfaa kutumikia wengine tu. Mwaka mmoja kabla yake, mwalimu mmoja wa Orlando, Soweto, alikuwa amefukuzwa kazi kwa kuupinga mpango huo. Jina lake Ezekiel Mphahlele, ambaye baadaye alijulikana kama Es'kia. Utotoni alichunga mifugo kijijini, kisha akakulia Marabastad, Pretoria, akibeba nguo za Wazungu zilizofuliwa nyumbani kwao. Aliandikia gazeti la Drum hapa Johannesburg, na mwaka 1957 akaenda uhamishoni. Mwaka 1959 kilitoka kitabu alichosimulia maisha yake, Down Second Avenue.

Mwaka 1963, mwaka ule ule ndugu zetu wa Kenya walipopata uhuru, Mphahlele alikuwa Nairobi akiongoza kituo cha sanaa na uandishi kilichoitwa kwa neno letu: Chemchemi. Mtu aliyenyimwa ruhusa ya kuwafundisha watoto wa Soweto akawa anawatia moyo waandishi chipukizi wa Afrika Mashariki. Alirejea Afrika Kusini mwaka 1977, na baadaye akafundisha katika chuo kile kile cha Witwatersrand kilichochapa insha za karani wa Tanga.

Tunawasimulia haya kwa sababu wote wawili walianza na walichokuwa nacho: maisha yao wenyewe. Hawakungoja wawe watu wakubwa ndipo waandike.

Na sisi je? Mara ngapi tumekaa matangani, tumechanga fedha za kumsafirisha marehemu nyumbani, kisha ukafika wakati wa kusoma wasifu wake na hakuna anayejua alifika mji huu mwaka gani, kwa njia ipi, wala alilala kwa nani usiku wa kwanza? Mzee huondoka na kitabu chake kizima kifuani. Sisi tuliobaki hutaja jina, kijiji na idadi ya watoto, tukakaa kimya.

Vijana wetu, kazi hiyo tunaikabidhi kwenu. Muulizeni mama alipanda basi gani kutoka Dar es Salaam, alivuka mipaka mingapi, alikuwa na nini mkobani. Muulizeni baba kazi yake ya kwanza hapa ilikuwa ipi. Andikeni ukurasa mmoja tu, mtie tarehe na majina ya mahali. Andikeni na habari zenu pia, ninyi mnaosema Kizulu uwanjani, Kiingereza darasani na Kiswahili sebuleni. Hayo hakuna mwingine awezaye kuyaandika.

Na sisi wazazi tusijibu, "Hayo yamepita, mwanangu." Mtoto akiandika "kitabu changu imepotea", tusimcheke mbele ya wageni. Tumsahihishe kwa upole, kisha tumwombe aendelee kusoma. Kicheko kimoja cha mjomba kinaweza kuifunga kalamu kwa miaka mingi.

Shaaban Robert alifariki Juni 1962, akiwa ameuona uhuru kwa nusu mwaka tu. Sisi tumejaliwa kuuona kwa miaka mingi zaidi. Tusiumalize bila kuandika.

Heri ya Siku ya Uhuru.