Robo ya Picha: Safari ya Kamera za Nyumbani Kuelekea Skrini Pana

Kwa karibu miaka kumi, chaguo la 16:9 kwenye menyu ya kamera nyingi za video za nyumbani lilikuwa la uongo, au tuseme nusu ya ukweli. Mwenye kamera alilichagua, picha ikatandaa kama ya sinema, naye akaamini amepata eneo zaidi kulia na kushoto. Kumbe kamera haikuongeza chochote ubavuni. Ilikuwa imekata juu na chini.

Hesabu yake ni nyepesi. Mfumo wa DV uliingia sokoni mwaka 1995, mwaka ambao Sony walitoa kamera ya DCR-VX1000, na katika nchi zilizokuwa zikitumia mfumo wa televisheni wa PAL, Kenya na Tanzania zikiwemo, kanda yake ilibeba picha ya pikseli 720 kwa upana na mistari 576 kwa kimo. Chipu ya kunasa picha ndani ya kamera hizo ilikuwa na umbo la 4:3, lile la televisheni za zamani. Ili kupata 16:9, kamera ilitupa mistari ya juu na ya chini, ikabaki na 432, kisha ikaivuta hiyo ijaze tena nafasi ya 576. Robo nzima ya picha ilikwenda na maji. Wamarekani na Wajapani waliumia zaidi, kwani NTSC yao yenye mistari 480 ilibaki na 360.

Umbo lenyewe la 16:9 lilikuwa bado changa. Lile la 4:3 lina asili yake katika maabara ya Edison mwishoni mwa karne ya 19, ambako William Dickson aliipangia filamu ya milimita 35 fremu yenye kimo cha matundu manne. Televisheni ikalirithi bila maswali mengi. Sinema, ilipoona watazamaji wanabaki sebuleni kwao miaka ya 1950, ikajibu kwa kujipanua: Cinerama mwaka 1952, CinemaScope mwaka uliofuata, na baada ya hapo kila studio na upana wake. Miaka ya 1980, wahandisi walipoanza kujadili televisheni ya ubora wa juu, ilibidi lipatikane umbo moja la kuzipokea filamu zote hizo. Kerns Powers, mhandisi wa maabara ya RCA kule Princeton, alichora mistatili yenye eneo sawa, kila mmoja ukiwa na umbo mojawapo lililokuwa likitumika, akaipanga mmoja juu ya mwingine vitovu vikikutana. Yote ilienea ndani ya mstatili mkubwa wa 1.77 kwa 1, na sehemu iliyofunikwa na yote kwa pamoja ilikuwa pia na umbo la 1.77. Hiyo ndiyo 16:9. Hakuna mtengeneza filamu aliyekuwa ameiomba, lakini hakuna aliyeonewa sana nayo.

Sasa rudi kwenye kanda ya DV, maana hapo ndipo penye mkasa. Kanda hiyo haikuwa na nafasi ya ziada kwa ajili ya picha pana. Iwe 4:3 au 16:9, pikseli ni zile zile 720 kwa 576. Picha pana iliandikwa ikiwa imebanwa, watu wembamba na warefu, pamoja na alama ndogo ya kielektroniki ya kuiambia mashine itakayoisoma kwamba picha hii inyooshwe. Mashine ikiisoma alama, mambo yalikwenda sawa. Isipoisoma, bibi harusi aligeuka mlingoti.

Wahariri ndio waliobeba mzigo. Programu ya Final Cut Pro ya Apple, iliyotoka mwaka 1999, ilikuwa na kisanduku cha kuweka alama ya vema kuonyesha kwamba klipu imebanwa, na kingine cha namna hiyo kwenye mpangilio wa mradi. Mhariri aliyeweka kimoja akasahau kingine alikuta programu imezungushia picha yake mipaka myeusi na inadai kuichakata yote upya. Kwa kompyuta za wakati ule, ambapo saa moja ya DV ilimeza takriban GB 13 za diski, hilo lilimaanisha kwenda kunywa chai na kurudi. Ukiwa na kanda mchanganyiko, nyingine za 4:3 na nyingine za 16:9, ndipo kazi ilipokuwa kazi: uache pembeni peusi, uikuze picha na kukata paji la uso, au uivute na kuwanenepesha watu. Njia ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote, na ndiyo iliyopendwa.

Wajanja walikuwa na njia zao. Wapo waliopiga kwa 4:3 ya kawaida wakabandika utepe kwenye kioo kidogo cha kamera ili wajue mipaka, kisha wakakata juu na chini wakati wa kuhariri. Mistari iliyobaki ilikuwa ile ile 432, lakini fremu iliyokosewa iliweza kusogezwa juu au chini, jambo ambalo kamera ikishakata yenyewe haliwezekani. Waliopinga walisema, nao kwa haki, kwamba kamera hukata kabla ya kubana data, hivyo ukataji wa ndani ulitoa picha safi kidogo. Ubishi huo haukupata mshindi.

Wenye fedha walinunua lenzi. Century Optics walitengeneza kipachiko cha mbele kilichobana picha kwa mlalo mara 1.33 kabla haijafika kwenye chipu, na Panasonic wakatoa chao, AG-LA7200, kwa ajili ya kamera ya DVX100 ya mwaka 2002. Hapo chipu nzima ilitumika, mistari yote 576. Wazo hilo lilikuwa la kale: Mfaransa Henri Chrétien alibuni lenzi ya namna hiyo miaka ya 1920, na Fox ndio walioinunua teknolojia yake na kuitolea filamu ya The Robe mwaka 1953. Ila kwenye kamkoda ilikuwa na kero zake. Ukivuta sana kwa zumu picha ilipoteza ukali, na mpigaji alifanya kazi siku nzima akitazama watu waliokondeana kwenye kioo chake.

Kamera hizi hazikuishia kwenye harusi. Mdenishi Thomas Vinterberg alipiga Festen kwa kamera ndogo ya Sony ya kushika mkononi, akaiacha katika umbo la 4:3, na mwaka 1998 ikatwaa Tuzo ya Majaji kule Cannes. Mpiga picha wake, Anthony Dod Mantle, ndiye aliyeshika Canon XL1 katika 28 Days Later ya Danny Boyle, iliyotoka mwaka 2002. Ili kupata London tupu alfajiri, walipanga kamera kadhaa kwa pamoja na kupiga ndani ya dakika chache tu magari yaliposimamishwa. Mwisho wa filamu ulipigwa kwa milimita 35, na tofauti inaonekana kwa macho.

Uongo wa menyu ulianza kufika kikomo mwaka 2004. Canon XL2 ya PAL ilinasa 16:9 kwa pikseli 960 kwa 576, na safari hii aliyetaka 4:3 ndiye aliyekatwa, ubavuni. Mwaka huo huo Sony walitoa HDR-FX1 ya mfumo wa HDV, yenye chipu tatu za 16:9 za kweli. Hata hivyo kubana hakukuisha: HDV iliandika pikseli 1440 kwa 1080 ili zinyooshwe kuwa 1920, kwenye kanda ile ile ndogo ya DV.

Afrika Mashariki, kikwazo hakikuwa kamera peke yake. Filamu na video za harusi zilifika kwa watu kwa VCD, na VCD, yenye pikseli 352 kwa 288, haikuijua alama ya picha pana. Aliyepiga kwa 16:9 alilazimika kuchoma mipaka myeusi ndani ya picha, akabakiwa na mistari 216. Kupiga 4:3 kulikuwa na mantiki kamili. Mambo yalibadilika DVD zilipoenea, kisha Dar es Salaam ikazima mitambo ya televisheni ya analojia tarehe 31 Desemba 2012 na Kenya ikafuata mwaka 2015. King'amuzi kilichounganishwa na TV ya chogo kilimtaka mwenye nyumba achague mwenyewe umbo la picha kwenye menyu, na wengi waliacha kama kilivyotoka dukani, wachezaji mpira wakikimbia wakiwa wembamba.

Mwaka 2015 Mmarekani Sean Baker alipeleka Sundance filamu ya Tangerine, iliyopigwa kwa iPhone 5s. Simu ilikuwa na 16:9 ya kweli tangu kiwandani, lakini haikumtosha. Alibandika mbele yake lenzi ndogo ya Moondog Labs inayobana kwa mara 1.33, kiasi kile kile cha vipachiko vya DV, na ilipofika kwenye uhariri picha ikanyooshwa hadi karibu 2.35 kwa 1.