Kijigari, Mshipi na Eksirei

Zamani sonara akiletewa mkufu aliusugua kwenye jiwe jeusi, akadondoshea asidi ule mchirizi uliobaki, akatazama rangi. Jibu alilipata, lakini mkufu ulipungua. Kwa karne nyingi, aliyetaka kujua kitu kimeumbwa kwa vitu gani mara nyingi ilimbidi akikwangue, akichome au akiyeyushe. Njia ya kukiuliza bila kukijeruhi inaanzia kwa kijana Mwingereza, Henry Moseley, ambaye jina lake halisikiki inavyostahili.

Mwaka 1913 alikuwa Manchester, kwenye maabara ya Ernest Rutherford, na umri wake miaka 25. Kwa kazi ya Charles Barkla ilikwishajulikana kwamba kila elementi ikichokozwa hutoa eksirei za kwake peke yake. Moseley alitaka kuzipima, elementi baada ya elementi. Lakini sampuli zilipaswa kukaa ndani ya mrija usio na hewa, na kila ukiufungua unaanza upya kuivuta hewa. Basi akaunda kijigari, akapanga vipande vya metali juu yake, akawa anakivuta humo ndani kwa mshipi wa hariri, ule wa kuvulia samaki. Kipande kikipigwa na elektroni, mistari ya eksirei zake inanaswa kwenye bamba la picha. Kisha anavuta mshipi, kinakuja kingine.

Kutoka kalsiamu hadi zinki, mistari ilipanda kama ngazi, na namba ya kila kipandio ilikuwa ndiyo idadi ya chaji chanya katika kiini cha atomi. Alipoendelea na elementi nyingine, akakuta vipandio vimekosekana: 43, 61 na 75. Akasema hizo ni elementi ambazo hazijagunduliwa, na alisema kweli.

Mimi hunigusa zaidi jambo ambalo wengi hulipita. Alipoweka mchanganyiko wa shaba na zinki, mistari ya zote mbili ilitokea. Kobalti yake, nayo, ilifichua chuma na nikeli zilizojificha ndani. Hapo hapo Moseley akaona kwamba hii inaweza kuwa njia kuu ya uchunguzi wa kikemia. Mwaka 1914 mkemia Mfaransa Georges Urbain alimpelekea Oxford, alikokuwa amehamia, sampuli za elementi adimu alizohangaika nazo kwa miaka mingi. Moseley alizitambua kwa siku chache.

Tarehe 10 Agosti 1915 aliuawa kwa risasi vitani Gallipoli, akiwa afisa wa mawasiliano. Alikuwa na miaka 27.

Waliomfuata waliacha elektroni, wakakipiga kitu kwa eksirei zenyewe, na hivyo hakikulazimika tena kuingia mrijani. Eksirei hung'oa elektroni ya ndani ya atomi. Ya nje hushuka kujaza pengo, na nishati inayozidi hutoka kama eksirei nyingine yenye alama ya elementi ile. Sarafu, mchoro au ngozi ya kale hubaki kama ilivyokuwa.

Kitabu kimoja cha ngozi kilikuwa na kazi za Archimedes, yule ambaye masimulizi yanasema aliombwa kupima dhahabu ya taji la mfalme bila kulivunja. Kilinakiliwa karne ya 10. Katika karne ya 13 wino ulikwanguliwa, sala zikaandikwa juu yake, na katika karne ya 20 mtu akapaka picha za rangi juu ya baadhi ya kurasa. Mwaka 2005, huko Stanford, kurasa hizo zilipitishwa mbele ya mwale wa eksirei mwembamba kama unywele. Chuma kilichosalia kutoka kwenye wino wa kale kikajibu kupitia rangi, na maneno ya Archimedes yakasomeka mstari kwa mstari. Likatokea pia jina la aliyeandika sala, Ioannes Myronas, pamoja na tarehe aliyoiandika: 14 Aprili 1229.