Mizani ya Watoto katika Kambi za Lubumbashi

Sisi tunaokaa Lubumbashi tunapita kila siku karibu na kambi za zamani za Union Minière. Lakini wengi wetu hatujui namna gani utunzaji wa mama na mtoto uliingia humo.

Mji ulianzishwa mwaka 1910, reli ilipofika kutoka kusini. Watu wa kazi waliletwa toka mbali, wakaandikwa kwa miezi michache, pasipo bibi wala watoto. Kichomi, kuhara damu na homa ya matumbo viliwaua wengi. Tena mwaka 1918 ikaja homa kubwa ya mafua iliyozunguka dunia yote. Kampani ilizika mtu, ikatafuta mwingine.

Lakini kutafuta watu kulizidi kuwa kugumu. Basi mwaka 1928 kampani iligeuza desturi yake: mapatano ya kazi yakawa ya miaka mitatu, na mtu akaruhusiwa kukaa na bibi yake. Mmoja wa walioongoza mambo hayo alikuwa munganga Léopold Mottoulle. Nyumba za kuzalia zikajengwa, watoto wachanga wakapimwa uzito, posho ikatolewa kwa jamaa nzima. Vifo vikapungua sana.

Tuseme nini? Kazi ilikuwa njema. Mama aliyerudi nyumbani na mtoto mzima hakuuliza shauri hilo lilitoka wapi. Hata hivyo tusijidanganye: mtoto alipimwa kwa sababu kesho angekuwa mtu wa kazi. Aliyekaa nje ya kambi hakuhesabiwa.

Ndiyo maana watu walizoea kusema: kazi ni baba, kazi ni mama. Mwaka 1967 serkali ilitwaa migodi, na kampani iliyoitwa baadaye Gécamines ikaendeleza utunzaji ule. Kisha, miaka ya 1990, migodi ikaanguka. Katika miaka ya 2003 na 2004 watu zaidi ya 10,000 waliacha kazi. Na pamoja na kazi, jamaa zao zikapoteza munganga na shule. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu alikwisha kuwaita, katika kitabu cha mwaka 2001, wana wa Shaba walioachwa na baba yao.

Mgonjwa hutunzwa kwa kuwa ni mtu, si kwa kuwa mikono yake ina faida. Basi anayetaka kuanza utunzaji mpya leo, huko Kamalondo, Kenya au Katuba, ajiulize kwanza: siku nitakapoondoka, mizani itabaki mikononi mwa nani?